Fahali Anapanda, Mbona Ng'ombe Hawashiki Mimba?

Katika ukanda wa ng'ombe wa Uganda, unaoanzia Isingiro na Kiruhura ukapitia Nakasongola hadi Karamoja, fahali husifiwa kwa pembe, kwa kimo na kwa wepesi wake wa kupanda. Sifa hizo tatu hazisemi lolote kuhusu mbegu zake. Fahali anaweza kuwapanda majike wote wenye joto, yaani walio tayari kupandwa, nao wakarudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi, mmoja baada ya mwingine, huku mfugaji akidhani majike wake ni tasa. Chanzo mara nyingi kimo ndani ya korodani za fahali, katika sehemu ndogo zinazoonekana kwa hadubini tu.

Ukipasua korodani ya fahali aliyechinjwa, utakuta gamba jeupe gumu na, ndani yake, nyama laini ya njano iliyopauka ambayo huchomoza mara kisu kinapopita, kana kwamba ilikuwa imebanwa. Nyama hiyo ni furushi la mirija myembamba, kila mmoja ukiwa na upana wa takriban robo ya milimita, na mirija yote ikinyooshwa na kuungwa hufika kilomita kadhaa. Mbegu hutengenezwa humo. Nje ya mirija, katika nafasi finyu zilizobaki, zimo seli za Leydig, ambazo hutoa testosteroni, homoni inayompa fahali shingo nene na hamu ya kupanda. Basi korodani moja ina karakana mbili, na karakana ya hamu inaweza kuendelea na kazi wakati ile ya mbegu imesimama. Dume ambaye korodani zake zote mbili zilibaki tumboni ni ushahidi wa jambo hili: hupanda kama kawaida, lakini joto la mwili limeua utengenezaji wa mbegu, na hazalishi.

Ndani ya mrija kazi huenda kwa mpangilio kutoka ukutani kuelekea katikati. Ukutani zimo seli mama, ambazo hugawanyika mara kadhaa, nyingine zikibaki kama akiba na nyingine zikisogea mbele. Zinazosogea hugawanyika kwa namna ya pekee inayopunguza kromosomu, yaani nyuzi za urithi, kutoka 60 za ng'ombe hadi 30, kisha kila seli ya duara hujichonga upya, ikapata kichwa bapa, kofia yenye vimeng'enya vya kupenyea yai, na mkia. Muda wote huo seli hizi hushikiliwa na kulishwa na seli ndefu za Sertoli, ambazo pia hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kufanya kizuizi kinachotenga mbegu changa na kinga ya mwili. Kwa fahali safari hii huchukua siku 61. Kisha mbegu huingia katika epididimisi, mrija uliojikunja kando ya korodani ambao ukinyooshwa huzidi mita 30, na humo hukomaa kwa siku 10 hivi kabla ya kuwa na uwezo wa kutungisha mimba.

Hesabu hiyo, siku 71 kwa jumla, ndiyo ninayomwomba mfugaji aiweke katika daftari lake. Tuchukue fahali aliyepata homa kali ya ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, tarehe 1 Machi, akatibiwa, na homa ikaisha tarehe 7. Ndani ya wiki moja anakula na kuranda zizini, na mfugaji anamrudisha kwa majike. Mbegu zilizokuwa zimekwisha kuhifadhiwa katika epididimisi zinaweza hata kutoa mimba chache za mwanzo, jambo linalozidi kumdanganya. Baadaye hufuata mbegu zilizounguzwa zikiwa bado changa, zenye vichwa vilivyoharibika na mikia iliyopinda. Mbegu zilizoanza safari baada ya homa hazitakuwa tayari hadi kama tarehe 17 Mei. Katika kipindi hicho ni afadhali kutumia huduma ya uhimilishaji, yaani mtaalamu kumtia jike mbegu za fahali mwingine, kuliko kumtegemea fahali huyo, na kama mirija yenyewe imeharibika sana, kama nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, inavyoweza kufanya, hata siku 71 hazitoshi.

Joto si la homa tu. Korodani za fahali hufanya kazi vizuri zikiwa na nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili, na hupozwa na mishipa ya damu iliyosokotana shingoni mwa mfuko wa korodani, ambapo damu inayoshuka hupokonywa joto na ile inayopanda. Fahali aliyenenepeshwa kupita kiasi hujaza mafuta mahali hapo hapo, na kupoza huko hukwama. Kwa hiyo simwonei wivu mwenye fahali mnono wa maonyesho. Kivuli malishoni wakati wa kiangazi kina faida. Dawa ya kupe nayo inyunyiziwe hadi nyuma ya mfuko wa korodani, kwa sababu kupe hupenda kung'ang'ania ngozi hiyo laini, na vidonda vyao hutunga usaha na kuvimba. Fahali wa kuazima apimwe kwanza bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao hushambulia korodani na epididimisi.

Mapema zaidi ya yote ni maziwa. Idadi ya seli za Sertoli huongezeka utotoni na hukoma fahali anapobalehe, na kila seli hulea mbegu kwa kiasi maalumu tu. Ndama dume anayeachiwa tone la mwisho baada ya kukamuliwa mama yake anaweza kubaki na korodani ndogo, na chakula kingi cha baadaye hakitaongeza seli hizo.

Kwa ukaguzi, mwite daktari wa mifugo kabla ya majike kuanza kupandwa, ikiwezekana miezi mitatu kabla, ili kama kuna kasoro muda wa kupona uwepo. Atapapasa korodani, ambazo zinapaswa kulingana, kuteleza ndani ya mfuko na kuwa imara bila kuuma, kisha atazipima mzunguko kwa utepe. Sentimita 34 kwa fahali aliyezidi miaka miwili ni kipimo kilichotokana na ng'ombe wa Ulaya na Marekani. Fahali wa Ankole hubalehe polepole zaidi, hivyo asihukumiwe kuchinjwa kwa kipimo cha utepe pekee kabla manii yake hayajatazamwa chini ya hadubini.