Kusoma bawa la nzi wa matunda: kuona kazi ya proteoglikani kwa macho yako

Wanafunzi wangu huziogopa proteoglikani za juu ya seli, yaani protini zilizobeba minyororo ya sukari, mpaka siku niwakalishe mbele ya bawa la nzi wa matunda. Na wewe anzia hapo.

Tafuta nzi wa kawaida, na wengine wenye hitilafu kwenye jeni ya dally, iliyoelezwa mwaka 1995, ambayo huongoza utengenezaji wa mojawapo ya proteoglikani hizo. Wapikie uji mzito wa unga wa mahindi, hamira, sukari guru na agari. Katika nyuzijoto 25, yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Usijaze mayai chupani! Funza wakibanana chakula huwapungukia, wakatoka nzi wadogo, nawe ukadhani ni jeni. Yamenikuta: nilipima mabawa wiki tatu, yote nikayatupa. Tena linganisha dume kwa dume, maana majike ni wakubwa kwa maumbile.

Waweke juu ya barafu hadi walale. Shika bawa shinani kwa kibano chembamba, lilaze kwenye tone la gliserini, funika kwa kioo, kisha tazama kwa hadubini. Hesabu mishipa mirefu kutoka ukingo wa mbele. Wa tano, ulio nyuma, kwa nzi wa kawaida hufika hadi ukingoni. Kwa wale wa dally hukatika njiani, kama kijia cha shambani kilichoishia vichakani.

Dally ni protini iliyotia nanga kwenye utando wa seli, ikining'iniza minyororo mirefu ya sukari iitwayo heparani salfeti. Chaji hasi za salfeti husaidia kunasa protini za ujumbe. Mojawapo, Dpp, hutolewa na ukanda wa seli katikati ya bawa linaloumbika, ikasambaa pembeni. Minyororo huishikilia isipotee. Pasipo Dally ujumbe hufifia mapema, na seli za mbali hazipati kiasi cha kuziongoza zitengeneze mshipa.

Lakini usiandike daftarini kwamba proteoglikani hukuza ujumbe tu. Binadamu tuna ndugu yake Dally, proteoglikani iitwayo glipikani 3. Watoto, hasa wa kiume, wenye hitilafu ya jeni yake huzaliwa wakubwa kupita kawaida. Hali hiyo huitwa Simpson-Golabi-Behmel. Glipikani 3 hunasa Hedgehog, ujumbe mwingine unaohimiza ukuaji, na kuuingiza ndani ya seli ukavunjwe, kwa hiyo ikikosekana breki imelegea.

Basi chini ya kila mchoro andika mambo mawili: ujumbe ulionaswa, na kama ulipitishwa au ulizuiwa.