Somo: Kompyuta inachelewa kuwaka? Punguza programu zinazojiwasha zenyewe

Laptopu nyingi za mtumba pale Kariakoo zinauzwa na Windows safi. Mwezi wa kwanza zinawaka vizuri, halafu mwenyewe anaanza kulalamika kwamba mashine imechoka. Mara nyingi haijachoka. Programu nyingi unazoweka, hasa za mikutano, muziki, magemu na printa, hujiandikisha ziwake pamoja na kompyuta. Nyingine hukuuliza kwa kisanduku kidogo ambacho tayari kimeshawekwa tiki. Zikifika kumi na kitu, zote zinadai diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na intaneti kwa wakati mmoja. Na kama diski yako ni ile ya zamani ya sahani inayozunguka, inakuwa basi la mwendokasi kituo cha Gerezani saa kumi na moja jioni: mlango mmoja, kila mtu anataka kuingia wa kwanza.

Halafu kuna bando. Programu ikishajiwasha inatafuta masasisho. Ukiwa umeunganisha kwa hotispoti ya simu, inakula MB zako hujafungua hata barua pepe.

Somo hili ni la Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Fungua orodha

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Kwenye Windows 10, dirisha likitokea dogo bonyeza "More details" kule chini, kisha nenda "Startup". Kwenye Windows 11 tafuta "Startup apps" upande wa kushoto. Majina yasipoonekana, bonyeza vile vistari vitatu vya juu.

Hatua ya 2: Soma kabla ya kugusa

Watu wengi wanakimbilia safu ya "Startup impact" na kuzima kila kilichoandikwa "High". Jua kwanza maana yake. "High" ni programu iliyotumia prosesa zaidi ya sekunde 1, au iliyosoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. "Low" ni chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300. MB 3 siku hizi ni kitu gani? Picha moja ya simu inazidi hapo. Kwa hiyo hata programu ya maana inaweza kuandikwa "High". Swali langu ni moja tu: hii isipowaka asubuhi, nitakosa nini?

Hatua ya 3: Zima

Bofya kulia juu ya jina, chagua "Disable". Programu haifutwi. Ukiihitaji utaifungua mwenyewe kama kawaida, na ukibadili mawazo unarudi palepale na kuchagua "Enable".

Spotify, Zoom, Teams, Steam, Discord, vikumbusho vya wino wa printa: zima bila kuwaza. Antivairasi, sauti (mara nyingi Realtek) na tachipadi (Synaptics au Elan) ziache. OneDrive na Google Drive zinategemea mtu. Ukizizima, mafaili hayapandi mtandaoni mpaka uzifungue, kwa hiyo mwenye kazi za ofisi humo aziache.

Hatua ya 4: Mahali wanapojificha

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha Enter. Folda itafunguka. Chochote kilichomo kinawaka ukiingia. Rudia kwa shell:common startup, ambayo ni ya watumiaji wote wa mashine hiyo. Kwa kawaida folda hizi huwa tupu, au zina kitu unachokifahamu.

Hapa ndipo ninapokaa sana nikishika mashine ya mtu anayechapisha kazi zake steshenari. Dalili mnaijua: unachomeka flashi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Hicho ni kirusi, na mdudu huyo hujiandikisha ili awake na kompyuta, ndiyo maana ukisafisha flashi peke yake anarudi. Kwenye Task Manager anaweza kuonekana kama "Microsoft Windows Based Script Host", mchapishaji Microsoft Corporation, na mtu anamwacha kwa heshima. Microsoft ni mwenye chombo kinachoendesha skripti (faili la maagizo kwa kompyuta) tu. Skripti yenyewe ni ya mdudu. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, weka tiki "Command line", usome mstari mzima. Ukiona wscript.exe inaita faili la .vbs au .js lililoko ndani ya AppData au Temp, na hujui limetoka wapi, huyo ndiye.

Mzime kwenye orodha, nenda kwenye "Processes" (au "Details") umalize wscript.exe kwa "End task", kisha fungua Windows Security uendeshe skani ya Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka tena, usishtuke. Ikimaliza, skani flashi pia. Mafaili yako hayajapotea, yamefichwa. Fungua Command Prompt, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi. Badilisha kulingana na yako. Na zile shotikati usizibofye, zifute.

Hatua ya 5: Huduma za chini kwa chini

Windows na R tena, andika msconfig, nenda "Services". Weka tiki "Hide all Microsoft services" KWANZA. Kisha toa tiki kwa kitu kimoja tu unachokijua, washa upya, angalia. "Disable all" usiiguse kabisa.

Anayetaka kuona kila kinachojiwasha atumie Autoruns ya Sysinternals, mkusanyiko wa zana za Windows ulioanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, na ambao uko chini ya Microsoft tangu 2006. Ni ya bure. Mstari wa njano maana yake faili halipo tena. Toa tiki, usifute.

Kupima matokeo, tumia "Restart", siyo "Shut down". Fast Startup ikiwa imewashwa, "Shut down" inahifadhi sehemu ya Windows kwenye diski ili iamke haraka, kwa hiyo hutaona picha kamili.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, nimezima karibu zote lakini bado inajikongoja.

Fungua Task Manager, "Performance", angalia chini ya Disk 0. Ikiandika HDD (ile ya sahani inayozunguka), basi nenda kwa fundi akuwekee SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na kukuhamishia Windows yako kama ilivyo. Hakuna cha kuzima kitakachokupa tofauti kubwa kama hiyo. RAM ikiwa GB 4, ongeza na hiyo.

Dada wa duka, Sinza: Kaka, nimefuata hatua ya 5, sasa programu ya mauzo inasema haioni kanzidata. Wateja wamejaa!

Pole dada. Rudi msconfig, tafuta MySQL (huduma ya kanzidata) au jina linalofanana nalo, rudisha tiki, washa upya. Mauzo yako hayajaguswa, ni huduma imelala tu.

Mdau wa Tabata: Mimi bado niko Windows 7.

Andika msconfig, orodha iko hapohapo kwenye "Startup". Kuanzia Windows 8 ndipo ilipohamia Task Manager. Ila Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, na Windows 10 nayo ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Usifanyie mambo ya benki humo.

Mdau wa Kimara: Nimezima, lakini nikiwasha upya programu inarudi.

Nenda Settings, Accounts, "Sign-in options", uzime ile ya kuhifadhi programu zilizokuwa wazi. Ikiendelea, ingia kwenye mipangilio ya programu yenyewe, wengine hujirudisha kutokea huko.

Mdau wa Kigamboni: Vipi zile programu za kusafisha kompyuta kwa kubofya mara moja?

Iweke, kisha rudi hatua ya 1 uone nani ameongezeka kwenye orodha.

Mdau wa Mikocheni: Na sisi wa Mac?

Kuanzia macOS Ventura ya 2022: System Settings, General, Login Items. Chagua jina, bonyeza alama ya kutoa. Zile za "Allow in the Background" unazizima kwa swichi pembeni.