Kifafa: jinsi familia inavyoweza kumsaidia mgonjwa na daktari wake

Hapa Bukavu, mtu akianguka na kuanza kutikisika, wengi humkimbia kwa kuogopa povu lake, kisha ndugu zake humpeleka kwenye chumba cha maombi na kumwacha huko kwa majuma mengi kabla ya kufikiria kituo cha afya. Povu lile ni mate tu. Kifafa hakiambukizi, ni ugonjwa wa ubongo, ambamo chembe za neva hutoa umeme kupita kiasi kwa pamoja, na sala haizuiwi na dawa wala dawa na sala.

Mtu anapoanguka, ondoa mbabula (jiko la makaa) na vitu vikali karibu naye, mlegezee nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa, na mitikisiko ikipungua umlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimnyweshe chochote hadi fahamu zimrudie. Tazama saa: shambulio likipita dakika 5, au likifuatwa na jingine kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Kisha kumbuka ulichokiona, kwa maana daktari hupata picha ya ugonjwa hasa kutokana na maelezo ya shahidi, kwani mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki lolote. Alikuwa akifanya nini? Mkono upi ulianza kutikisika, macho yalikuwa wazi au yamefumba, alijikojolea, alijiuma ulimi, alichukua muda gani kuwatambua watu? Mtu wa pili akiwepo, arekodi video kwa simu. Mtazame pia mtoto anayenyamaza ghafula katikati ya sentensi, akikodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia anapoitwa: mwalimu humdhani mzembe, kumbe hicho nacho kinaweza kuwa kifafa kisicho na kuanguka.

Kwa kawaida daktari hutamka kifafa baada ya mashambulio mawili yaliyoachana kwa zaidi ya saa 24 na yasiyo na sababu ya papo hapo, kama homa kali, malaria, au upungufu wa sukari mwilini. Kipimo cha umeme wa ubongo hakiumi, lakini kinaweza kutoa matokeo ya kawaida hata kwa mwenye kifafa, kwa hiyo matokeo hayo peke yake hayafuti ugonjwa. Skana, yaani picha ya ndani ya ubongo, hutafuta kovu, uvimbe au vifuko vya mnyoo wa nguruwe. Uzazi uliokawia, jeraha la kichwa na malaria iliyofika ubongoni pia huacha ugonjwa huu, ingawa kwa wagonjwa wengi sababu haionekani.

Dawa ya zamani na ya bei nafuu ni fenobarbitali, iliyotumika tangu mwaka 1912. Nyingine ni karbamazepini na valproati. Valproati inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayeweza kupata mimba azungumze na daktari kabla ya kuianza, na aliyekwisha kuianza asiikatize mwenyewe. Wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila mashambulio wakipata dawa inayowafaa, lakini makosa makubwa hufanyika pale familia inapoona mgonjwa amepona na kuacha vidonge ghafula, jambo linaloweza kuleta shambulio refu la hatari. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo, kwa uamuzi wa daktari, mara nyingi baada ya miaka 2 au zaidi bila shambulio. Nunueni vidonge vipya kabla vya zamani havijaisha, andikeni kila shambulio kwenye daftari la kwenda nalo kwa daktari, na mgonjwa asiogelee peke yake Ziwa Kivu.