SOMO: Prado ya zamani yenye kilomita nyingi, uitengeneze au uiuze?

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi linakuja likiwa tupu: "Fundi, Prado yangu imefika kilomita 400,000, niiuze?" Sasa naliandika jibu lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia zaidi Prado 90 na Surf zenye injini ya 1KZ-TE, maana ndizo zinazojaa gereji yangu hapa Nakuru. Mwenye Pajero, Hilux au Land Cruiser ya 1HZ anaweza kufuata mpangilio huu huu.

Kilomita haziamui. Odomita hurudishwa nyuma, na hata isiporudishwa, kilomita za lami kati ya Nakuru na Naivasha hazilingani na za kubeba viazi kutoka Mau Narok wakati wa masika. Kinachoamua ni fremu, injini na hesabu, kwa mfuatano huo.

Hatua ya 1. Osha gari upande wa chini mpaka tope lote litoke.

Hatua ya 2: Fremu. Ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kutoka mbele hadi nyuma, na uchelewe pale fremu inapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi huzama ndani. Kutu ya juujuu hukwanguliwa na kupakwa rangi, haina neno. Kutu inayomeguka vipande ni jambo jingine. Kuwa mwangalifu na magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani au Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Ukikuta rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi, ikwangue uone kilicho chini yake.

Fremu ikiwa imeoza sehemu nyingi, hakuna hatua ya tatu. Gari hilo ni la spea. Tafadhali usimuuzie mwenzako kama gari zima, maana atabebea watoto. Tundu moja linaweza kuchomelewa, mradi fundi akate mpaka afike chuma kizima. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu hakishiki kitu. Na kabla ya kuwaza kubadilisha fremu nzima, kumbuka namba ya chesisi ndiyo iliyo kwenye logbook yako, kwa hiyo NTSA, mamlaka ya usafiri, lazima wahusike.

Hatua ya 3: Giaboksi, transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) na difu. Mwaga oili uitazame. Ungaunga laini wa chuma ni kawaida, vipande si kawaida. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

Hatua ya 4: Nguvu ya injini. Iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa. Ikishapata moto, fungua kifuniko cha oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirushwa na moshi ukafuka, ringi za pistoni zimechoka.

Halafu pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda, na hapa ndipo injini nzima huhukumiwa kifo bure. Tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Injini ile ile itasoma chini hapa Nakuru kuliko Kisumu, iliyo kwenye mita 1,130 hivi. Ukiambiwa "imekufa, kitabu kinasema zaidi", uliza silinda nyingine zimesoma ngapi. Zikikaribiana, bado una injini. Moja ikianguka mbali na wenzake, hapo ndipo pana ugonjwa.

Hatua ya 5: Joto. Hatua hii niliwahi kuikosea kwenye gari la mteja: tulifunga hedi mpya (kile kifuniko kizito juu ya silinda), rejeta ikabaki ile ile, na hedi ya pili ikapasuka. Kwa hiyo hapa nitakwenda polepole.

Hedi ya 1KZ-TE ni ya alumini, na joto likizidi hupasuka. Lakini hedi haipashi moto injini. Inachomwa na kitu kingine: rejeta iliyoziba ndani, klachi ya feni iliyolegea, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha, thamostati (kilango cha maji kinachofunguka kwa joto) iliyokwama, pampu ya maji iliyochoka. Ukifunga hedi bila kumtafuta aliyeichoma, unampelekea hedi ya pili.

Dalili ni hizi. Maji yanapungua na huoni yanakovujia. Bomba la juu la rejeta ni gumu asubuhi kabla hujawasha. Mapovu hayaishi kwenye rejeta wakati injini inanguruma. Kwa uhakika zaidi, tafuta fundi mwenye kile kifaa cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Maji yakigeuka kijani au manjano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

Usifungue rejeta ikiwa na moto. Usiamini geji ya kwenye dashibodi: sindano hukaa katikati joto likiwa la kawaida na hata likiwa limeshaanza kupanda, na ikipanda yenyewe umechelewa. Funga geji ya pili. Hedi ikitolewa, ipimwe unyoofu na ipimwe kwa presha kabla ya kununua chochote. Gasketi nazo zina unene tofauti, huchaguliwa kwa kupima pistoni zimechomoza kiasi gani, kwa hiyo usichukue yoyote iliyo karibu dukani.

Hatua ya 6: Hesabu. Wengi hulinganisha bili ya gereji na bei ya gari sokoni. "Gari la 900,000 nitalitengenezaje kwa 300,000?" Hesabu hiyo haikusaidii, kwa sababu ukiliuza bado utahitaji gari. Linganisha hivi: pesa zote utakazotia kwenye hili kwa mwaka ujao, dhidi ya pesa utakazoongeza kupata jingine, pamoja na riba ya mkopo, bima, gharama ya kubadilisha jina na matengenezo ya kwanza ya gari usilolijua. Tuseme unauza kwa 900,000 na kununua kwa 2,500,000. Umeongeza 1,600,000, na hujabadilisha hata belti.

Pia jua kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Prado 90 ziliacha kutengenezwa mwaka 2002, kwa hiyo huwezi kuagiza nyingine. Utanunua ya jirani, na uchovu wake.

Msimamo wangu: fremu nzima, kompresheni zikilingana na chanzo cha joto kikijulikana, tengeneza. Fremu mbovu, uza hata kama injini inaimba. Fremu nzima na injini mbovu, leta bei ya injini tuizungumze.

Hatua ya 7. Ukibaki nalo, anza na joto, breki, stering na belti ya taiming (kila kilomita 100,000, ikikatika, vali hugongana na pistoni). Bushi na shokabu zifuate. Rangi iwe ya mwisho.

MASWALI

Kijana wa Kondele: Mkubwa, Surf yangu inapandisha joto. Niuze ama nitengeneze?

Jibu: Hatua ya 5. Hujasema inapandisha lini, kwenye foleni au mlimani na mzigo, wala kama maji yanapungua. Pima kisha urudi.

Kijana wa Kondele: Nimeuliza tu. Kwanza fundi wangu ashatoa thamostati na sasa iko poa.

Jibu: Irudishe wiki hii. Bila thamostati injini inatembea ikiwa baridi, inakula silinda na dizeli, na rejeta iliyoziba bado imeziba. Ukipanda Timboroa na mzigo utaiona tena. Nakuambia hivi kwa sababu hedi ni ghali, si kwa sababu nakudharau.

Mama Maziwa, Olenguruone: Fundi, asante kwa somo. Hilux yetu ya 5L inatoa moshi mweusi huku kwetu mlimani, lakini kijana akishuka nayo Kisumu moshi unapungua. Injini inakufa?

Jibu: Mama, umeangalia vizuri kuliko mafundi wengi. 5L haina turbo, inavuta hewa ilivyo. Kwenu ni juu kuliko hata Nakuru, hewa ni nyepesi, lakini pampu inapeleka dizeli ile ile, basi ile isiyoungua inatoka nyeusi. Badilisha chujio la hewa kwanza, halafu nozeli zipimwe. Zikiwa sawa, mtu wa pampu anaweza kupunguza dizeli kidogo kwenye mashine yake, ila nguvu nayo itapungua kidogo ukiwa chini. Wa kuogopa ni moshi wa bluu, ambao ni oili, na mweupe usioisha injini ikishapata moto.

Mama Maziwa, Olenguruone: Chujio halijabadilishwa tangu mwaka jana. Naanza hapo. Ubarikiwe.

Mwalimu wa Kakamega: Nimepata Prado 120 ya 1KD kwa bei nzuri. Niachane na 1KZ yangu?

Jibu: Mwalimu, yako imefaulu hatua ya 2 na ya 5?

Mwalimu wa Kakamega: Fremu ni nzima, nimegonga yote. Joto sijawahi kuona tatizo.

Jibu: Basi usikimbie. Ukiitaka 120, ipimwe nozeli kiasi cha dizeli zinachorudisha, na sampu (karai la oili chini ya injini) ifunguliwe uone chujio la kuvuta oili. Nozeli zikivuja pale kwenye washa za shaba, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio hilo, na injini hubaki bila oili. Muuzaji akikataa sampu ifunguliwe, bei nzuri imeshakueleza sababu yake. Fremu ya 120 nayo igongwe vilevile.

Jaduong' wa Ahero: Huku Nyando ikifurika tunavuka maji kila msimu. Difu yangu ilikuwa na oili ya rangi hiyo uliyosema, na sili ni mpya.

Jibu: Jaduong', sili huenda hazina kosa. Difu ikiwa na moto ikaingia maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji popote inapopata njia. Angalia kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba, maji huvutwa kupitia sili hata zikiwa mpya. Toa kipumulio, unganisha mpira mrefu, uupandishe mpaka karibu na mdomo wa tangi la dizeli. Ya mbele pia.

Jaduong' wa Ahero: Erokamano. Ile loki ya difu ya katikati nayo imekataa kuingia.

Jibu: Haitumiki, imeshika kutu. Jaribu kwenye barabara ya udongo, gari likienda polepole, mbele na nyuma kidogo. Ikiingia, iwe inaingizwa kila mwezi, lakini kamwe si kwenye lami kavu. Ikikataa, angalia kwanza nyaya na mota yake kabla mtu hajakuuzia transfa.

Kijana wa Kondele: Nimerudi. Bomba la juu ni laini asubuhi, maji hayapungui, inapandisha kwenye foleni tu. Ikikimbia iko sawa.

Jibu: Sasa tunazungumza. Ikikimbia inapata upepo, ikisimama inategemea feni. Zima injini ikiwa na moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka bure bila kukataa, klachi ya feni imekwisha. Badilisha hiyo, rudisha thamostati, na usiuze gari.