Jinsi ya kupeleka kazi yako ya sayansi au mazingira kwenye tuzo isitupwe mapema

Wadau wa habari, hasa nyie wa mikoani mnaoandika mambo ya maji, misitu, madini na magonjwa, naona watu wana kazi nzuri kabisa zimelala kwenye simu huku tuzo zinafunguliwa na kufungwa kila mwaka. Ngoja niwaelekeze ninavyofanya mimi.

Anza na kuchagua stori, na hapa ndo penye kazi kubwa. Ile ya semina, waziri kasema mkurugenzi kaongeza, iache hata kama ilikaa ukurasa wa mbele. Chukua ile uliyofika mwenyewe ukaona kwa macho. Mfano zebaki kwa wachimbaji wadogo kule Geita. Mmoja ataandika wachimbaji waonywa kuhusu zebaki, amemaliza. Mwingine atashinda mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshewa, kutwa nzima amwone mama anachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu, mtoto mgongoni, alafu lile donge la rangi ya fedha linawekwa kwenye moto wa mkaa, zebaki inapanda mvuke dhahabu inabaki, na mama yupo palepale anavuta ile hewa. Jaji akisoma hapo sayansi keshaielewa, maana umemuonyesha sumu inapoingilia, yaani kwenye pumzi zaidi hata kuliko kwenye ngozi.

Sasa ushahidi. Tafuta daktari au mkemia ambaye hana maslahi na mradi unaouandika, umuulize jambo hili lina uhakika kiasi gani. Ukisema watoto wa kijiji wanaumwa kwa sababu ya zebaki lazima kuwe na vipimo, damu au mkojo au nywele, kama hakuna basi andika kwamba ndivyo wazazi wanavyoamini na uishie hapo. Vitu viwili kutokea pamoja haina maana kimoja kimeleta kingine, na kazi nyingi za mazingira zinaangukia hapa, inaniuma kweli. Muktadha usiwe mrefu: Shirika la Afya Duniani linaiweka zebaki kwenye kemikali 10 zinazotia hofu zaidi kwa afya ya jamii, Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kutumika 2017, inatosha.

Wapi pa kupeleka? Tanzania kuna EJAT, tuzo za umahiri wa uandishi wa habari za Baraza la Habari, Kenya nao baraza lao lina tuzo za kila mwaka. Nje kuna AAAS Kavli ya Marekani, tuzo ya uandishi wa habari za sayansi, ipo tangu 1945 na toka 2015 inapokea waandishi wa dunia nzima, mshindi wa dhahabu anapata dola 5,000 na wa fedha 3,500. Kazi ya Kiswahili inapokelewa ila uambatanishe tafsiri ya Kiingereza. Hiyo tafsiri usiiachie mashine peke yake jamani, maneno kama mwalo, karasha (mashine ya kusaga mawe) na duara (shimo la mgodi), mtu asiyejua machimbo atayavuruga yote.

Masharti yasome mara mbili, kazi iwe imetoka ndani ya tarehe walizotaja na ukurasa uonyeshe tarehe hiyo. Mimi niliwahi kupeleka kipindi cha redio, klipu tupu, haina tarehe ya kurushwa wala barua ya mhariri, ikatolewa kabla jaji hajaisikiliza na nilikuwa nimelala siku tatu kijijini kwa ajili yake. Toka siku hiyo stori ikitoka tu naweka folda: PDF ya ukurasa, linki, sauti, barua ya mhariri.

Kwenye maelezo ya kazi andika ulivyoipata, nani alikataa kuongea, namba ulizitoa wapi, na kama safari ililipiwa na shirika fulani sema wazi. Kama kitu kilibadilika baada ya stori taja kilichobadilika, usidai ni wewe umekibadilisha kama huna uthibitisho.

Alafu mpe mtu asiyejua sayansi asome kabla hujatuma, muulize zebaki inaingiaje mwilini, akishindwa kujibu rudi ukarekebishe maelezo yako. Folda yangu ya mwaka huu ina stori moja ya mikoko, bado namsubiri mtaalamu wa misitu anijibu swali moja la ekari, akijibu natuma.