Pesti au pedi? Kupoza chipu za droni

Ukifungua droni, tazama kwanza kilichokuwa kati ya chipu na kipoza joto cha aluminiamu. Kama ni pedi laini ya kupitisha joto, ya milimita 0.5 au 1, rudisha pedi ya unene uleule. Pesti, yaani krimu ya kupitisha joto, haizibi pengo la namna hiyo: hewa inabaki katikati, na droni itaanza kukata picha au kujizima kwa joto. Pedi nene kupita kiasi nayo hupinda bodi.

Palipokuwa na pesti, chomoa betri, futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha acha pakauke. Chagua pesti isiyopitisha umeme. Ile ya metali ya kimiminika usiiguse kabisa. Galiamu, metali iliyomo ndani yake, hula aluminiamu, na mtetemo ukiirusha kwenye bodi ni shoti. Chipu ya milimita 10 inatosheka na tone dogo kuliko punje ya mchele. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.

Ukijaribu mezani, elekeza feni kwenye droni, maana nyingi hutegemea upepo wa kuruka ili zipoe.