Kuchagua Darubini ya Kutazamia Mwezi Ukiwa Dar es Salaam

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya maandishi makubwa ubavuni mwa boksi lake: "mara 525". Usiku huo, uani kwangu, nilichokiona ni weupe wenye ukungu, uliotikisika kila nilipogusa gurudumu la kurekebishia. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kununua yake ya kwanza bila kupitia hayo.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kipenyo cha lenzi ya mbele, au cha kioo ikiwa darubini ni ya kioo. Kipenyo ndicho kinachoamua utaona vitu vidogo kiasi gani. Lenzi nzuri ya milimita 70 huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa kilometa 3 hivi juu ya Mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilometa 384,400. Chini ya milimita 60 sishauri ununue.

Hatua ya pili ni kupiga hesabu ya ukuzaji wewe mwenyewe. Gawanya umbali wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale mwanga unapokutana na kuunda picha, kwa milimita) kwa ule wa lenzi ya jicho, yaani lenzi ndogo unayochungulia: 700 kwa 20 ni mara 35, na 700 kwa 10 ni mara 70. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani mara 140 kwa darubini ya milimita 70. Ile 525 yangu ilitokana na lenzi ya jicho ya milimita 4 iliyounganishwa na lenzi ya kuzidisha mara 3. Hesabu ni sahihi, lakini picha haipo.

Hatua ya tatu, ambayo wanunuzi wengi huiruka, ni stendi. Mwombe muuzaji aifunge darubini palepale dukani, miguu ikiwa imerefushwa, uielekeze kwenye tangi la maji juu ya ghorofa la mbali, kisha uligonge bomba la darubini kwa ncha ya kidole huku ukichungulia. Mtikisiko ukiisha ndani ya sekunde 2 au 3, stendi inafaa. Ukiendelea zaidi ya hapo, iache, hata kama lenzi zake ni nzuri, kwa sababu kila utakapogusa kitu Mwezi utaruka. Kisha inua bomba hadi lielekee juu kabisa. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, na Mwezi hupita mara nyingi karibu na utosi, mahali ambapo bomba la darubini yenye stendi mbovu hugonga miguu ya stendi. Hakikisha pia kuna kioo cha kupindisha mwanga nyuma ya bomba, la sivyo utalazimika kulala chali sakafuni. Taa za jiji zisikutie wasiwasi, kwani Mwezi unang'aa kuzishinda.

Hatua ya nne ni kuilinda. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi itafunikwa na mvuke papo hapo; iache nje ikiwa na kifuniko kwa nusu saa, na usiifute. Hewa ya bahari huleta kuvu kwenye vioo, kwa hiyo weka ndani ya boksi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukikuta kichujio kidogo cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe: joto huweza kukipasua, na jicho likapofuka.

Usiku wa kwanza usiwe wa mwezi mpevu, kwa sababu bila vivuli Mwezi huonekana bapa. Subiri usiku wa nane wa mwezi mwandamo, uanze na lenzi ya jicho ya milimita 20, na ufuate mpaka wa mwanga na giza. Karibu na katikati utakuta kreta (mashimo mapana ya mviringo) tatu zilizopangana: Ptolemaeus yenye upana wa kilometa 150 hivi, Alphonsus, na Arzachel, iliyopewa jina la al-Zarqali, mnajimu wa Andalusia wa karne ya 11. Hapo ndipo ubadilishe lenzi, uweke ya milimita 10, na utafute kilele kilichosimama ndani ya Arzachel na kivuli chake kando.